SBCL ikigoma: kusoma dalili na kufuata chanzo chake

Anayehamia Common Lisp kutoka Python au Java hukutana mapema na hitilafu zinazoonekana hazina mantiki. Programu iliyokuwa ikifanya kazi jana leo inadai kifurushi hakipo. Funksheni imerekebishwa, lakini seva inaendelea kutoa majibu ya zamani. Jedwali limejaa data na bado linajibu NIL. Kila moja ina chanzo kinachoeleweka, na njia ya haraka ya kukifikia ni kujua hitilafu imetokea wakati gani.

Msimbo wa Lisp hupitia nyakati tatu. Kwanza unasomwa: herufi za kwenye faili zinageuzwa kuwa orodha na simboli. Kisha unakompailiwa: makro (msimbo unaoandika msimbo mwingine) zinafunguliwa na funksheni zinakuwa msimbo wa mashine. Mwisho unaendeshwa. Upekee wa Lisp ni kwamba nyakati hizi hazipiti mara moja kwa programu nzima. Zinarudiwa kwa kila fomu, yaani kila usemi mzima kama ule wa ndani ya mabano, moja baada ya nyingine, ndani ya mchakato ambao uko hai na unakumbuka yote uliyoufanyia tangu asubuhi. Ukilishika hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Mifano yote hapa ni ya SBCL, kompaila ya Common Lisp iliyochipuka kutoka nyingine iitwayo CMUCL mwaka 1999. Mengi yanafaa pia kwa CCL, ECL na ABCL, ambazo nazo zinaendesha Common Lisp.

## Skrini inaonyesha `0]` na kila unachoandika kinaleta hitilafu nyingine

Uko ndani ya dibaga, yaani zana ya kuchunguza hitilafu. Programu haijafa, imesimama pale pale ilipokwama na inakungoja. Ukikosea tena ukiwa humo, alama inageuka kuwa `0[2]`, kisha `0[3]`, kwa sababu umeingia dibaga ndani ya dibaga. Andika `toplevel` utoke zote kwa mkupuo.

Lakini usitoke haraka. Juu ya alama hiyo kuna orodha ya njia za kuendelea, kila moja na namba yake. Kama kigeu hakina thamani, SBCL inakupa nafasi ya kujaribu tena, ya kutumia thamani utakayoitaja, au ya kuiweka moja kwa moja na kuendelea. Unaweza kufungua faili, ukarekebisha, ukakompaili fomu ile moja, kisha ukarudi kuchagua namba ya kujaribu tena, na hesabu iliyokuwa imekula dakika kumi ikaendelea bila kuanza upya. Huu ndio utajiri mkubwa wa Lisp, na inasikitisha kuona watu wanaukimbia kwa Ctrl-D.

Andika `backtrace` uone funksheni zilivyoitana, na `l` uone vigeu vya ndani. Kama vigeu havionekani, kompaila imevitupa ili kupata kasi. Weka mstari huu juu ya faili, kompaili tena, kisha irudie hitilafu:

```lisp
(declaim (optimize (debug 3)))
```

Ukimaliza uchunguzi uuondoe. Sababu utaiona kwenye sehemu ya staki.

## `Package ... does not exist`

Hii ni hitilafu ya wakati wa kusoma, na ndiyo inayosumbua wengi kuliko zote. Tazama fomu hii:

```lisp
(progn
  (ql:quickload "cl-ppcre")
  (cl-ppcre:split "," "embe,nazi,ndizi"))
```

Inaonekana sawa: pakia maktaba kwa Quicklisp (`ql`, zana ya kupakua na kupakia maktaba), kisha itumie. Ila msomaji wa Lisp anasoma fomu nzima, kutoka bano la kwanza hadi la mwisho, kabla mstari wowote wa ndani haujaendeshwa. Anapofika kwenye `cl-ppcre:split` anatakiwa kujua simboli hiyo ni ya kifurushi (kikundi cha majina) gani, na kifurushi chenyewe bado hakijazaliwa. Zitenganishe ziwe fomu mbili za juu, na tatizo linaisha.

Linaisha kwenye REPL, pale unapoandika fomu na kujibiwa papo hapo, na unapotumia `load`. Ukibonyeza C-c C-k kwenye SLIME, mazingira ya Lisp ndani ya Emacs, linarudi, kwa sababu pale faili linakompailiwa kwanza, na kompaila haiendeshi `ql:quickload`. Inaiandika tu ili iendeshwe baadaye. Fomu ya pili inasomwa wakati maktaba haijapakiwa. Dawa ya papo hapo ni kulazimisha fomu ya kwanza iendeshwe hata wakati wa kukompaili:

```lisp
(eval-when (:compile-toplevel :load-toplevel :execute)
  (ql:quickload "cl-ppcre"))
```

Dawa bora ni kuandika faili la ASDF, zana ya kujenga miradi ya Lisp, na kuitaja maktaba hiyo kwenye `:depends-on`. Mradi ukizidi faili moja, sioni sababu ya kufanya vinginevyo.

Kuna sura nyingine ya ugonjwa huu: msimbo unakwenda vizuri kwenye REPL, lakini ukiuendesha kwa `sbcl --script` unaambiwa kifurushi `QL` hakipo. Chaguo la `--script` linaiambia SBCL isisome faili lako la `.sbclrc`, na humo ndimo Quicklisp inamopakiwa. Andika juu kabisa ya skripti:

```lisp
(load "~/quicklisp/setup.lisp")
```

Na kama jina la kifurushi lipo lakini unaambiwa simboli haipo, huenda umekosea tahajia; ukiambiwa si ya nje, mwandishi wa maktaba hakukusudia uiguse. Nukta pacha mbili zitakupitisha kwa nguvu. Zitumie kwa uchunguzi, usizijengee programu.

Mgongano wa majina nao unatoka hapa hapa. Umeandika `(split ...)` kwenye REPL kabla ya kuita `use-package`, ukaambiwa funksheni haipo, ukaita `use-package`, na sasa SBCL inalalamika kwamba kuna simboli mbili zinazoitwa SPLIT. Ile ya kwanza uliizalisha wewe kwa kuiandika tu: kusoma jina kunatosha kuunda simboli, hata kama mwito wenyewe ulishindwa. Iondoe kwa `(unintern 'split)`, kisha rudia.

## Kwangu inafanya kazi, kwa mwenzangu inagoma

Hapa tumeingia wakati wa kukompaili. Mara nyingi utakuta makro inayotegemea funksheni iliyo kwenye faili lile lile:

```lisp
(defun jina-la-safu (s)
  (intern (format nil "SAFU-~a" s)))

(defmacro fafanua-safu (s)
  `(defvar ,(jina-la-safu s) nil))

(fafanua-safu bei)
```

Kompaila inapofika mstari wa mwisho inapaswa kuifungua makro sasa hivi, na makro inaiita `jina-la-safu`. Funksheni hiyo imekompailiwa lakini haijawekwa ndani ya mchakato. Iko kwenye faili linaloandikwa. Kwa hiyo inagoma. Kwenye mashine yako haigomi kwa sababu ulikwisha kuikompaili kwa C-c C-c mapema, na mchakato wako unaikumbuka. Mwenzako ameanza na SBCL tupu.

Izungushie `eval-when` yenye nyakati zote tatu kama pale juu, au ihamishie kwenye faili linalotangulia na uweke `:serial t` kwenye ASDF.

Jamaa yake wa karibu ni makro iliyotumiwa kabla ya kufafanuliwa. Kompaila inapokutana na jina isilolijua inadhani ni funksheni, inatoa onyo dogo kuhusu funksheni isiyofafanuliwa, na inaendelea. Balaa linatokea baadaye, programu inapoendeshwa. Maonyo ya SBCL yana maana. Hili hasa usiliruke. Makro ziwekwe juu ya wanaozitumia.

Kabla ya kumtumia mtu kazi yako, ijaribu kwenye mchakato mpya na uikompaili yote upya:

```
sbcl --non-interactive --eval '(asdf:load-system "duka" :force t)'
```

## Nimebadilisha msimbo, lakini ya zamani inarudi

Kila kinachofuata kinatokana na jambo moja: mchakato unaishi, na una kumbukumbu.

Umebadilisha thamani kwenye `defvar`, umepakia faili upya, na thamani ni ile ile. Ndivyo ilivyokusudiwa. `defvar` inaweka thamani pale tu kigeu kisipokuwa nayo, ili kupakia faili kusifute data ya programu inayoendelea. Kwa mipangilio unayotaka ibadilike kila mara tumia `defparameter`.

Umebadilisha funksheni inayojibu maombi kwenye seva ya wavuti, umeikompaili, na kivinjari kinaonyesha ukurasa wa jana. Angalia ulivyoisajili. Ukiandika `#'onyesha-bei` umeipa seva kitu chenyewe, yaani funksheni kama ilivyokuwa saa ile, na seva itaishikilia hiyo hata ukifafanua nyingine. Ukiandika `'onyesha-bei` umeipa jina, na kila ombi likija jina linatafutwa upya. Wakati wa kujenga, sajili kwa jina. Funksheni iliyotangazwa `inline` ina tabia hiyo hiyo: waliokwisha kuimeza watabaki na nakala ya zamani mpaka nao wakompailiwe.

Ukiongeza sehemu kwenye `defstruct`, SBCL itasimama na kusema umeifafanua kwa namna isiyopatana na ya kwanza. Vitu vya zamani bado vimo kwenye kumbukumbu na umbo lao ni tofauti. Chaguo lenye neno RECKLESSLY liache; litakuletea data iliyoharibika kimya kimya. Anzisha SBCL upya. Kama bado unalitafuta umbo la data yako, tumia `defclass`, maana CLOS, mfumo wa vitu wa Common Lisp, inajua kuvihamisha vitu vya zamani kwenda umbo jipya bila kuzima chochote.

Kisha `defconstant`. Unaandika `(defconstant +siku+ '(jumatatu jumanne))`, unakompaili na kupakia, na SBCL inalalamika kwamba thamani imebadilika kutoka orodha fulani kwenda orodha inayofanana nayo herufi kwa herufi. Kwa macho zinafanana, lakini ni orodha mbili tofauti kwenye kumbukumbu: moja iliundwa wakati wa kukompaili, nyingine wakati wa kupakia, na `defconstant` inadai ziwe kitu kimoja kwa kipimo cha `eql`. Itumie kwa namba na herufi. Kwa orodha na stringi, `defparameter` inatosha.

## Jedwali lina data, `gethash` inajibu NIL

```lisp
(defvar *nauli* (make-hash-table))
(setf (gethash "Mombasa" *nauli*) 1500)
(gethash "Mombasa" *nauli*)   ; NIL
```

Jedwali lisipoambiwa vinginevyo linapima funguo kwa `eql`, na stringi mbili zilizoandikwa mahali pawili ni vitu viwili hata kama herufi ni zile zile. Liunde kwa `(make-hash-table :test 'equal)`, au `'equalp` kama hutaki kutofautisha herufi kubwa na ndogo.

Kipimo hicho hicho kimejificha ndani ya `member`, `assoc`, `find` na `remove`, ambako unaongeza `:test #'equal`. Kimo pia ndani ya `case`, na huko hakibadilishiki. `case` yenye stringi haitalingana na chochote, na mara nyingi itakurudishia NIL bila neno. Tumia `cond` na `string=`.

Ukilinganisha simboli na stringi, kumbuka msomaji anageuza herufi za simboli kuwa kubwa. `(string= 'juma "juma")` ni NIL kwa sababu jina la simboli ni "JUMA".

## Orodha imepoteza vitu baada ya `sort`

```lisp
(defparameter *bei* (list 500 200 900))
(sort *bei* #'<)   ; (200 500 900)
*bei*   ; (500 900)
```

Hakuna kilichopotea. `sort` inaunganisha upya viungo vya orodha ile ile, na kigeu chako kimebaki kikikielekea kiungo cha 500, ambacho sasa kiko katikati. Pokea jibu: `(setf *bei* (sort *bei* #'<))`. Kama orodha ya asili inahitajika kwingine, panga nakala yake kwa `copy-list`. Ndivyo ilivyo pia kwa `nreverse` na `delete`.

Hatari zaidi ni kubadilisha orodha iliyonukuliwa kwa `'`. Orodha hiyo ni sehemu ya msimbo wenyewe, na kiwango cha ANSI cha 1994 hakisemi nini kitatokea ukiigusa. Dalili ya kawaida ni funksheni inayokumbuka mambo ya mwito uliopita. Unapohitaji orodha ya kubadilisha, iunde kwa `list`.

## Staki imejaa, hipu imejaa

`Control stack exhausted` maana yake funksheni zimeitana kwa kina kuliko nafasi iliyotengwa, ambayo kwa kawaida ni megabaiti 2. Kwanza hakikisha urejeaji wako una mahali pa kuishia. Kama upo na orodha ni ndefu tu, tazama mwito wa mwisho:

```lisp
(defun jumla (orodha)
  (if (null orodha)
      0
      (+ (car orodha) (jumla (cdr orodha)))))
```

Hapa `+` inangoja jibu, kwa hiyo kila kiungo kinaacha alama kwenye staki. Andika `(reduce #'+ orodha)` au `(loop for x in orodha sum x)`. Usikimbilie `(apply #'+ orodha)`, kwani kila kitu cha orodha kinakuwa hoja ya funksheni na staki itajaa vile vile.

Ikiwa mwito wa kujirejea kweli ndio wa mwisho, SBCL inaugeuza kuwa kitanzi, isipokuwa pale `debug` inapozidi 2. Ndiyo maana nilisema uondoe ule mstari. Scheme inakuhakikishia jambo hili kwenye kiwango chake. Common Lisp haikuhakikishii, na ABCL, inayokaa juu ya mashine ya Java, usiitegemee kwa hilo.

`Heap exhausted, game over.` ni nafasi ya data. Iongeze hivi:

```
sbcl --dynamic-space-size 4GB --load duka.lisp
```

Chaguo hilo lazima litangulie `--load`, kwa kuwa linasomwa na injini kabla Lisp haijaamka. Kabla ya kuongeza, lakini, uliza nani anashikilia data. Mkusanya taka wa SBCL ananakili data inayotumika, hivyo anahitaji nafasi ya ziada, na kumbukumbu inaweza kumwishia hata kabla hipu haijajaa kabisa. Kwenye REPL vigeu `*`, `**` na `***` vinashikilia majibu matatu ya mwisho. Kama moja lilikuwa faili zima la gigabaiti moja, bado limo. Ikiwa kumbukumbu imejaa wakati wa kuchapisha kitu kidogo, inawezekana orodha yako inajizunguka. `(setf *print-circle* t)` itakuonyesha duara lilipo.

Na ukiona hitilafu ya kumbukumbu isiyo na kichwa wala miguu, tafuta `(safety 0)` kwenye msimbo wako au kwenye maktaba. Huko ukaguzi wa aina umezimwa, na kosa dogo la faharasa linaharibu data ya jirani. Irudishe kuwa 1 na hitilafu ya kweli itajitokeza.

## Herufi zimevurugika

Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za ASCII, kwa hiyo wengi wetu hatukutani na tatizo hili mpaka siku faili linapokuja na neno ng’ombe lililoandikwa kwa alama iliyopinda ya programu za ofisi. Katika UTF-8 alama hiyo ni baiti tatu. Likisomwa kama Latin-1 neno linakuwa na herufi 9 badala ya 7, na katikati kuna takataka inayoanza na â. Likiwa limehifadhiwa kwa usimbaji wa Windows alama ni baiti moja, 146, na SBCL ikilisoma kama UTF-8 inasimama na kukutajia `#(146)`. Namba hiyo ndiyo kitambulisho cha chanzo. Taja usimbaji waziwazi:

```lisp
(with-open-file (f "mifugo.txt" :external-format :cp1252)
  (read-line f))
```

Alama hiyo hiyo inaingia kwenye msimbo ulionakiliwa kutoka PDF au Word. Lisp haiitambui kama nukuu. Inaisoma kama sehemu ya jina, na unaambiwa kigeu `’ORODHA` hakina thamani. Ukiliona jina linaloanza na alama kama hiyo, futa na uandike `'` kwa mkono.

## Maktaba ya C haipatikani

`Unable to load any of the alternatives` inatoka CFFI, maktaba inayoiunganisha Lisp na msimbo wa C. Lisp yako ni nzima. Kinachokosekana ni faili la `.so`. Kwenye Debian na Ubuntu jina lisilo na namba ya toleo, kama `libsqlite3.so`, huletwa na kifurushi chenye `-dev` mwishoni, hapa `libsqlite3-dev`. Kwenye Mac za chipu za Apple, Homebrew inaweka maktaba zake `/opt/homebrew/lib`; iongeze njia hiyo kwenye `cffi:*foreign-library-directories*`. Hakikisha pia SBCL yenyewe si ya Intel, maana haiwezi kupakia maktaba ya ARM.

## Jumla ya pesa haisogei

`(+ 16777216.0 1.0)` inatoa 16777216.0 ile ile. Namba yenye nukta katika Common Lisp ni ya usahihi mmoja kama hukusema vinginevyo, na hapo tarakimu zake zimekwisha. Kwa shilingi tumia namba kamili, ambazo Lisp haina kikomo nazo, au sehemu kama 1/3, zinazobaki sahihi daima. Kwa vipimo vya kisayansi andika `1.0d0`.

## Kutengeneza faili la kuendesha kunagoma

`save-lisp-and-die` ikikuambia kuna nyuzi zaidi ya moja, unaiita ukiwa ndani ya SLIME, ambayo ina nyuzi zake. Iite kwenye terminali. Kama bado inakataa, umeanzisha seva au uzi mwingine wakati wa kupakia. Uhamishie ndani ya funksheni ya kuanzia.

Faili likishatoka, jaribu kuliendesha mara mbili mfululizo. Maswali ya bahati nasibu yakija kwa mpangilio ule ule, au saa ya kuanza ikionyesha siku uliyojenga programu, una `defvar` iliyopata thamani yake wakati wa kujenga na ikagandishwa pamoja na vingine vyote. Thamani za aina hiyo ziwekwe programu inapoanza:

```lisp
(defun anza ()
  (setf *random-state* (make-random-state t)
        *saa-ya-kuanza* (get-universal-time))
  (endesha-duka))
```

Mifereji ya faili iliyofunguliwa kwenye `defvar` na miunganisho ya hifadhidata nayo ifunguliwe humo humo.